Mhusika wangu mdokozi amemwondoa rafiki yangu mezani

Shikamoo shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Sinza, Dar es Salaam, na kazi yangu ni uhasibu. Najua wengine wataliona tatizo langu la kitoto, ndiyo maana nimekaa nalo wiki tatu bila kumwambia mtu.

Tuko watu watano tuliojuana tangu chuo. Kila Jumamosi jioni tunakutana kwa mmoja wetu kucheza Dungeons & Dragons. Kwa wasioujua, ni mchezo wa mezani ambao kila mtu anatunga mhusika wake, anaandika uwezo na udhaifu wake kwenye karatasi, kisha wote mnaiishi hadithi moja kwa mdomo. Mmoja wenu ni msimuliaji: ndiye anayeeleza dunia ilivyo na kuwasemea watu wengine wote mnaokutana nao. Jambo likiwa na mashaka, dadu ya pande 20 inaamua. Sisi hatuna vifaa vingi. Tuna kanuni za msingi zinazotolewa bure mtandaoni, tulizichapisha wenyewe, seti moja ya dadu, na penseli.

Mhusika wangu anaitwa Kombo. Ni mwizi, kimo chake kama mtoto wa miaka kumi, na nilimtunga kwa makusudi awe na kasoro. Pale kwenye karatasi penye nafasi ya kasoro niliandika: "Akiona kitu kizuri hawezi kukiacha, kiwe cha nani." Kombo ni mwoga na mwongo. Anawakatiza watu wakizungumza, anafungua milango wenzake hawajajiandaa, na vita ikiwaka utamkuta nyuma ya pipa. Kwa miezi sita tumecheka naye sana. Wakati mwingine waliguna, lakini walicheka.

Rafiki yangu mmoja, nitamwita Juma ingawa si jina lake, anacheza askari wa kiapo. Askari wake anamtafuta mdogo wake aliyepotea, na kitu pekee alichobaki nacho ni pete ya shaba ya huyo mdogo wake. Juma aliandika kurasa mbili nzima kuhusu hao ndugu wawili kabla hatujaanza. Pete yenyewe aliichora kwa penseli pembeni mwa karatasi yake, na kila askari wake alipopata shida Juma alikuwa akiigusa ile picha kwa kidole.

Siku hiyo tulikuwa tumelala kambini, kwenye hadithi. Nikasema, "Kombo anaamka." Nilirusha dadu, ikatoka 18. Juma alirusha kuona kama askari wake atashtuka, ikatoka 4. Kombo akaichukua pete, akaiuza mjini kwa vipande 15 vya dhahabu, akanywa, na chenji akanunua jogoo mwekundu. Watu walicheka mpaka machozi. Juma hakucheka. Aliniuliza, "Mbona pete?" Mimi nikamjibu kwa ile sauti ya Kombo: "Ndugu yangu, ukilala fofofo mali inatafuta aliye macho." Juma akaikunja karatasi yake mara nne, akasema kesho ana safari ya asubuhi, akaondoka. Hajarudi tena.

Kwenye grupu letu la WhatsApp mmoja aliandika, "Mzaha mzaha hutunga usaha." Mwingine akasema Juma amezidi, mchezo ni mchezo. Msimuliaji alinipigia simu, anataka nimuue Kombo au nilete mhusika mwingine. Nilimwambia ndivyo Kombo alivyo, nimemcheza kwa uaminifu, na dadu ndiyo iliyosema. Baadaye nikadokezwa kwamba mwezi uliotangulia mtu aliyekuwa akifanya biashara na Juma alitoweka na mtaji. Sikulijua hilo, naapa.

Wiki mbili zilizopita Juma alinitumia ujumbe mmoja tu: "Jogoo bado yupo?" Hakuweka alama ya kucheka wala nini. Sijui kama ana hasira au ananitania. Sijamjibu.

Shangazi, mimi ni kifungua mimba. Nawalipia ada wadogo zangu wawili. Kazini nahesabu fedha za watu mpaka senti ya mwisho. Sijawahi kuchukua cha mtu maishani mwangu. Yale masaa matatu ya Kombo ndiyo pekee katika wiki ambayo hakuna anayenitegemea. Nikimuua, nabaki na nini? Na usiku najiuliza kitu kingine: aliyefurahia kuiba vile, ni Kombo au ni mimi?

Mdokozi, Sinza

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako si ya kitoto. Kijana wangu mkubwa anaucheza mchezo huu, na mimi mwenyewe nimewahi kukaa mezani nao mara tatu, nikiwa mganga mzee mwenye fimbo. Usiku wa tatu yule mganga alikufa. Nilipotoka kwenda kuchota maji jikoni nilikuta mikono inanitetemeka. Kwa hiyo usimruhusu mtu akwambie kwamba yanayotokea pale mezani hayamfikii mtu.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na naona umeniuliza juu ya Kombo, afe au aishi. Lakini ndani yake wamo pia Juma, na wewe. Naomba tuwaangalie wote watatu, na nianze na huyo Kombo kwa sababu ndiye unayemwonea huruma zaidi.

Unasema "ndivyo Kombo alivyo." Nakuamini kwamba umemcheza kwa uaminifu. Ila nakuomba urudi kwenye ule usiku wa kambini, taratibu. Kombo anaamka. Anaiona pete inang'aa kidoleni mwa askari. Anaitamani. Mpaka hapo ni Kombo mtupu, na hakuna wa kukulaumu. Halafu kuna kitambo kidogo, kabla hujaishika dadu, ambapo Kombo hawezi kufanya lolote kwa sababu hana mkono. Mkono ni wako. Katika kitambo hicho ulikuwa na njia nyingi, na zote zingekuwa "ndivyo Kombo alivyo."

Angeweza kuivua pete, akaijaribu kidoleni mwake, ikakwama. Anavuta, haitoki. Anapaka mafuta ya taa, haitoki. Kunakucha, askari anaamka, na Kombo amekaa mikono imefichwa kwapani, anasema ana homa. Hapo Kombo ni mdokozi yuleyule na mwongo yuleyule, na meza nzima ingecheka. Ila Juma angekuwa na la kufanya: kumkasirikia Kombo, kumsamehe, kumkata kidole, chochote. Pete ingekuwa bado ndani ya hadithi, na hadithi ingekuwa mikononi mwa Juma. Ulivyoiuza mjini, ulimwachia nini cha kucheza asubuhi ile? Sikuulizi hivyo kukubana. Nakuuliza kwa sababu nadhani swali lake, "Mbona pete?", lilikuwa linauliza jambo hilohilo. Alikuwa anakuuliza wewe. Aliyemjibu ni Kombo.

Ugomvi huu haukuanzia Sinza. Mchezo wenyewe ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na mwizi akaongezwa kwenye kanuni mwaka uliofuata, 1975. Wachezaji wamegombana juu ya wezi wanaowaibia wenzao mpaka leo, na waliotunga kanuni zilizofuata wamehangaika namna ya kumfanya mhusika mbovu awe raha kwa wote. Ile nafasi ya kasoro uliyoijaza imo katika toleo la 2014. Kanuni za toleo hilo zinamruhusu msimuliaji kumtuza mchezaji anayeigiza kasoro yake vizuri: baadaye, akiwa matatani, anarusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Tena anaweza kuitoa tuzo hiyo kwa mwenzake aliyecheza vizuri. Upo mchezo mwingine, Fate, ambao humo unapewa pointi pale kasoro ya mhusika wako inapomletea mwenyewe balaa, na ukitaka kulikwepa balaa hilo unalipa. Ukiziangalia kanuni hizi utaona zinafanana kwa jambo moja: mwenye kasoro ndiye anayeumia kwanza, halafu anafutwa machozi. Usiku wenu, mwanangu, mwenye kasoro alipata dhahabu 15 na jogoo.

Utaniambia, mbona Abunuwasi anapendwa? Anadanganya, anakopa sufuria ya jirani, anairudisha na kisufuria kidogo akisema imezaa, na jirani anapokea kwa furaha. Akikopa tena anasema imekufa. Tumecheka na kisa hicho tangu utotoni. Ni kweli. Lakini jirani wa Abunuwasi hakuwa amekaa nasi jamvini akisikiliza. Kwenye meza yenu, jirani yupo, ameshika penseli, na sufuria ameichora mwenyewe.

Kinachonijia karibu zaidi na mchezo wenu ni utani. Umekulia nchi ambayo mtani anaweza kuja msibani akamwigiza marehemu anavyotembea, akadai mali, akazuia jeneza lisipite mpaka alipwe, na wafiwa wakacheka huku wanalia. Ni mtu msumbufu kweli. Hakuna anayemfukuza, kwa sababu ruhusa hiyo haikuanza siku ya msiba. Pande zote mbili zinaijua, na katika makabila mengi mtani huyohuyo ana wajibu wa kusaidia kuzika. Mtu asiye mtani akifanya nusu ya hayo, atapigwa. Sasa niambie: kwa ile miezi sita, ni nani aliyekupa utani wa kumwibia? Huenda walikupa wote bila kusema, kwa kule kucheka kwao. Huenda Juma alikupa kwa mengine, kwa milango na mapipa, lakini si kwa pete. Mimi sijui, na nahisi wewe pia hujui, maana hamkuwahi kukaa mkaulizana.

Hapa msimuliaji wenu ana sehemu yake. Sisemi ana hatia, ila alikuwa na nafasi ambayo hakuitumia. Meza nyingi hukubaliana kabla ya kuanza kwamba mhusika hamwibii mhusika mwenzake mpaka mwenye mali aseme sawa; yaani anaulizwa mchezaji kwanza, dadu inafuata. Meza nyingine huweka katikati kadi yenye alama ya X, jambo alilolianzisha John Stavropoulos wa New York: yeyote akiigusa kadi, tukio linarukwa, na halazimiki kueleza kwa nini. Juma angekuwa na kadi hiyo, labda asingehitaji kuikunja karatasi yake mara nne. Msimuliaji anapokwambia umuue Kombo, inawezekana anatafuta njia ya haraka ya kumaliza jambo linalomhusu na yeye. Zungumza naye hilo kwa upole. Wale wengine wawili pia walicheka mpaka machozi; wasikuachie mzigo huu uubebe peke yako.

Tuje kwenye njia ulizonazo.

Unaweza kumuua Kombo. Ni njia safi kwa kuitazama, na inaonyesha umelichukua jambo kwa uzito. Naiogopea kitu kimoja. Juma akirudi na kukuta Kombo ameuawa kwa ajili yake, mezani panabaki kiti cha lawama, na atakayekikalia ni Juma. "Kwa sababu yako tumempoteza Kombo." Hakuna atakayesema kwa mdomo, lakini atalisikia. Na wewe utakuwa umefanya unachofanya nyumbani siku zote: kutoa chako ili wengine watulie.

Unaweza kumbakiza na kumrekebisha. Kombo anaamka na ulevi kichwani, anaiona sura ya askari, na kwa mara ya kwanza maishani mwake anataka kurudisha kitu. Pete imeshauzwa mara mbili, iko kwa mfanyabiashara mji wa mbali, na njiani wanasikia habari za yule mdogo mtu. Kwa hadithi, ni nzuri sana. Msimuliaji hodari ataishangilia. Hatari yake ni kwamba utamfanya Kombo aombe msamaha ambao wewe bado hujauomba. Juma atamwona Kombo amepiga magoti, na binti aliyekaa upande wa pili wa meza hajasema kitu. Huenda hilo likamuuma kuliko pete.

Unaweza pia kuondoka kwenye kundi. Hukuitaja njia hii, lakini naisikia katika ile "nabaki na nini." Ukiichagua, hakikisha ni kwa sababu umechoka kucheza, isiwe kwa aibu. Watu wengi huondoka kwa aibu wakidhani wanawapumzisha wenzao, na wenzao wanabaki wakijiuliza waliwakosea nini.

Na unaweza kwenda kwa Juma kwanza, kabla ya kuamua lolote juu ya Kombo. Nakiri moyo wangu unaelemea huku, ila ina mitego yake, na mmoja nitakutajia. Zile habari za mtaji hakukwambia yeye. Ulidokezwa. Ukienda ukamwambia "sikujua kuhusu biashara yako," utakuwa umeligusa jeraha ambalo hakukuonyesha, na umeshaamua kwa niaba yake kwa nini aliondoka. Wachezaji wa nchi za Ulaya ya Kaskazini husema mchezo "unavuja": ya mhusika yanamwingia mchezaji, na ya mchezaji yanamwingia mhusika. Yamkini ndivyo ilivyotokea. Yamkini pia alikasirika kwa sababu ya kurasa mbili alizoziandika kabla hamjaanza, na mwisho wake ukawa kicheko cha dakika tano. Hilo nalo linatosha kumuumiza mtu ambaye hajaibiwa hata shilingi. Mwachie aseme mwenyewe ni lipi. Kama ni mimi, ningeanza na lile swali lake ambalo Kombo alilijibu: "Uliniuliza mbona pete, na sikukujibu mimi." Kisha ningenyamaza, hata kimya kikiwa kirefu. Na nisingefanya hivyo kwenye grupu, ambako kila mtu ana methali yake mkononi.

Sasa wewe. Umeniuliza aliyefurahia ni nani, na umeliuliza kama mtu anayesubiri hukumu. Sina hukumu. Ningependa kujua ulifurahia nini hasa. Kuna kufurahia kuchukua, kuna kufurahia kutohesabu, kuna kufurahia watu wakucheke kwa mapenzi bila kukudai kitu. Mtu anayelipa ada za wadogo wawili na kuhesabu senti za wengine siku tano kwa wiki ana haki ya kutamani masaa matatu ya kuwa mzigo badala ya kubeba mzigo. Kwangu mimi, hilo linanieleza Kombo kuliko wizi unavyomweleza: yule anayejificha nyuma ya pipa wengine wakipigana. Nani anakupa wewe pipa la kujificha, Jumatatu mpaka Ijumaa? Wadogo zako wanajua kwamba unachoka? Huenda Kombo angepungua usumbufu kama wewe ungeruhusiwa kusumbua kidogo nyumbani. Au huenda asipungue, na si vibaya. Kuna watu wanahitaji mhusika mbovu maisha yao yote na hawamdhuru mtu. Liangalie tu, kwa wakati wako.

Nimebakiza ujumbe wa Juma, kwa sababu nimeufikiria kuliko yote. Mtu aliyekasirika akaondoka kwa pete angeuliza pete iko wapi. Yeye ameuliza jogoo. Inaweza kuwa kejeli, sikatai. Lakini pia inaweza kuwa mtu amesimama mlangoni, hataki kubisha hodi kwa nguvu. Ameuliza juu ya kitu pekee kilichotoka kwenye usiku ule ambacho bado kipo hai kwenye hadithi, na ambacho kwa haki, ukihesabu kama mhasibu, ni chake: kilinunuliwa kwa chenji ya pete yake.

Wiki mbili zimepita hujamjibu, na kila siku inayopita jibu linazidi kuwa zito kuliko swali. Halihitaji kuwa zito. Yupo au hayupo? Anaitwa nani? Mwambie, halafu muulize kama unaweza kupita kwake. Nami naomba uniandikie tena ukishajua alikuwa anamaanisha nini.

Shangazi